Kiwiko kinauma? Usisubiri msimu uishe

Msomaji wa Nduta, wilayani Kibondo, huenda hujawahi kushika fimbo ya gofu. Lakini kama unalima kwa jembe, maumivu ya mchezaji wa gofu unayajua.

Chukua mfano wa Safari Tour ya Kenya, mashindano ya wachezaji wa kulipwa waliotafuta nafasi ya kucheza Kenya Open. Wengi wao si matajiri unaowaona kwenye televisheni. Katika mashindano ya aina hii, anayetolewa baada ya raundi mbili kwa kawaida haambulii kitu, na nauli imeshatumika. Hivyo kiwiko kikiuma, wapo wanaomeza kidonge na kuendelea.

Nawe hufanya hivyo hivyo msimu wa maharage.

Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko mara nyingi hutokana na kano kuchoshwa na kazi ile ile inayorudiwa. Punguza kazi hiyo kwa wiki kadhaa, badilishaneni zamu nyumbani, weka kitambaa chenye maji baridi, kisha anza mazoezi mepesi ya mkono.

Usinunue diklofenaki dukani mwezi hadi mwezi. Inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Mkono ukifa ganzi, ukiisha nguvu, au kiungo kikivimba na homa ikaja, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na wewe mzazi, mtoto akisema mkono unamuuma, usimwite mvivu. Mpumzishe, mpeleke akapimwe.