Saa ya Mama: namna ya kuchagua saa ya kifahari ya mwanamke bila kujuta

Leo naandika juu ya kitu ambacho wengine wataona ni cha matajiri tu: saa ya mkono ya kifahari, ya mwanamke. Lakini najua tuko wengi. Mshahara wa kwanza ukiingia, au zamu ya likilimba ikifika, dada anataka kujinunulia kitu kimoja cha maana, au watoto wanataka kumheshimu mama yao. Hapo ndipo watu wanapoteza pesa. Sisi tulipoteza dola 450.

Ilikuwa hivi. Mama yetu aliuza unga sokoni Kadutu miaka yote tuliyosoma, na kila franga ilienda kwenye minervali yetu. Siku tulipokuwa na kazi sote watatu, yaya wangu akasema Mama hajawahi kuwa na kitu cha thamani cha kwake mwenyewe. Tukachukua pesa ya likilimba, tukanunua saa ya rangi ya dhahabu, na jina kubwa la Uswisi usoni mwake. Muuzaji aliapa kwamba imetoka Dubai na iko na garanti. Boksi lilikuwa zuri, mimi ndiye nililibeba.

Miezi minne tu. Kwanza ngozi ya Mama ikaanza kuwa ya kijani chini ya mkanda, kisha saa ikasimama. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi, akafungua mgongo, akaweka kioo chake jichoni, akanyamaza kidogo. «Mwanangu, humu ndani hamuna kitu.» Mashine ndogo ya bei ya chini kabisa, imezungushiwa plastiki ili isichezecheze ndani ya ganda kubwa. Ile rangi ya dhahabu ilikuwa imepakwa juu ya shaba, na shaba ikikutana na jasho ndiyo inaleta ule ukijani.

Kilichotuuma zaidi ni Mama. Alikataa kuivua. Kila Jumapili anaivaa kwenda kusali, imesimama kwenye saa tatu na dakika kumi. Mtu akimuuliza saa ngapi, anachungulia simu.

Toka siku ile nimesoma sana juu ya mambo haya, na nimemsumbua yule mzee fundi mpaka akanizoea. Haya ndiyo niliyopata.

Kwanza mujue kwamba saa ya mkono ilianza kama kitu cha wanawake. Caroline Murat, malkia wa Napoli, aliagiza saa ya mkononi kwa Breguet huko Paris mwaka 1810. Mwaka 1868 Patek Philippe wa Geneva walimtengenezea moja mwanamke wa ukoo mkubwa wa Hungaria. Wanaume wa wakati ule walibeba saa mfukoni, kwenye mnyororo, na saa ya mkononi waliiona kama bangili. Ni Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliwageuza, maana askari hawezi kushika bunduki huku akitafuta saa mfukoni. Hata sifa ya saa isiyoingia maji ilibebwa na mwanamke: Oktoba 1927 Mercedes Gleitze, Mwingereza aliyekuwa karani wa kupiga chapa, aliingia katika bahari baridi kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa na Rolex Oyster shingoni. Siku ile hakufika ng'ambo, lakini baada ya zaidi ya saa kumi majini saa ilikuwa bado inatembea vizuri, na Rolex wakaitangaza gazetini.

Ninasema hayo kwa sababu leo viwanda vingi vinafanya kinyume. Saa ya mwanaume wanaielezea mashine yake, nguvu yake, kina cha maji. Ya mwanamke wanaipunguza ukubwa, wanaitia vijiwe vinavyong'aa, na mashine hawaitaji. Dada ukiingia dukani, swali lako la kwanza liwe lile ambalo hawakutegemea: ndani kuna nini?

Kuna aina mbili kubwa. Moja inatembea kwa betri na kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Seiko wa Japani ndio walitoa ya kwanza ya kuuzwa, Desemba 1969, na viwanda vingi vya Uswisi nusura vife kwa sababu yake. Nyingine ni ya mashine tupu: kamani inakazwa kwa mkono, au inajikaza yenyewe mkono ukitembea, ndiyo hiyo wanaita otomatiki. Wapenzi wa saa wataapa kwamba ya mashine peke yake ndiyo ya kifahari. Ni kweli ina uzuri wake. Jaeger-LeCoultre walitengeneza mwaka 1929 mashine ya wanawake iliyo ndogo kuliko zote, uzito wake karibu gramu moja, na Malkia Elizabeth wa Pili alivaa saa yenye mashine hiyo siku ya kutawazwa, mwaka 1953. Mtu akiitazama anabaki mdomo wazi.

Lakini tuseme ukweli wetu. Saa ya mashine inataka kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa, na kazi hiyo kwa saa ya kifahari inaweza kumaliza mamia ya dola. Kadiri mashine ilivyo ndogo, ndivyo mafundi wanaoiweza wanavyopungua. Mzee wangu fundi ana mikono mizuri, lakini vipuri vya asili hana, na viwanda vingi havimuuzii mtu asiye wa kwao. Maana yake saa itasafiri, mpaka Afrika Kusini, Dubai au Ulaya, mikononi mwa mtu unayemwamini. Tena ya mashine inapoteza au kuongeza sekunde kila siku. Hata mashine iliyopasi mtihani wa Uswisi unaoitwa COSC inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku. Ya kwatzi inakuwa sahihi kuliko hiyo, betri yake inadumu miaka miwili mitatu hivi, na fundi mwangalifu wa hapahapa anaweza kuibadilisha. Kwa hiyo mimi nasema wazi, hata wapenzi wa mashine wakinicheka: kwa mwanamke anayeishi Bukavu, Goma au Uvira, saa yake ya kwanza iwe ya kwatzi, kutoka kiwanda cha heshima. Cartier Tank, ile ya mstatili ambayo Louis Cartier aliichora mwaka 1917, hata leo ile ndogo inauzwa na mashine ya kwatzi, na hakuna anayeiita saa ya bei rahisi.

Bei je? Tissot, kiwanda cha mwaka 1853, utaipata kwa mamia machache ya dola. Wengine hawaihesabu kuwa ya kifahari. Mimi naihesabu kuwa mlango. Longines, walioanza mwaka 1832, wanapanda kuzunguka elfu moja na zaidi, na DolceVita yao ya mstatili inampendeza mwanamke mzima sana. Tank ndogo mpya inataka karibu dola 3,000 au kupita. Rolex Lady-Datejust, yenye upana wa milimita 28, inapita 7,000. Basi mtu akikuletea Rolex «ya kweli» kwa dola 200, hata usipoteze muda kuigeuzageuza.

Pale bei inapofanana na ukweli ndipo kazi inaanza. Tazama mshale wa sekunde. Wa kwatzi unaruka mara moja kila sekunde. Wa mashine ya kawaida unateleza, kwa vihatua vidogo sana. Muuzaji akisema otomatiki na mshale unarukaruka, mwambie asante na utoke. Tazama maandishi chini ya namba 6: «Swiss Made» ina sheria yake, na toka 2017 angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza lazima itoke Uswisi. «Swiss Movt» inaahidi mashine peke yake. Bila shaka mwongo anaweza kuandika chochote, kwa hiyo namba ya saa ifanane na namba ya karatasi yake, na fundi aifungue mbele yako kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikataa isifunguliwe, umekwisha kupata jibu. Sisi tungelipa mzee fundi dola 5 siku ile, leo nisingekuwa naandika.

Kama iko na ndugu Ulaya au Dubai, ni vizuri zaidi aingie katika duka lililoorodheshwa na kiwanda chenyewe kwenye tovuti yake. Hapo garanti ni ya kweli: Rolex wanatoa miaka 5, Cartier wanatoa 2 na wanaweza kuifikisha 8 ukiiandikisha kwao. Msafiri anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza pia kurudishiwa kodi ya mauzo akijaza karatasi kabla ya kuruka. Wengi wetu hatujui, tunaiacha pesa hiyo uwanja wa ndege.

Juu ya dhahabu nitasema kidogo. Dhahabu ya karati 18 inapigwa alama 750. Isipokuwa na alama hiyo, mara nyingi ni ya kupakwa, na ya kupakwa itachubuka tu, ni suala la miaka. Chuma cha inoksi kinavumilia jasho, mvua na sabuni, na bei yake inaacha pesa iende kwenye mashine. Na kuna jambo lingine linalonizuia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi namna dhahabu ya mashariki ya nchi yetu inavyovushwa mipaka kwa siri, na wengine tunajua kinamama wanaotwanga mawe kule Kamituga. Ukiwa na uwezo wa kununua saa ya dhahabu, muulize muuzaji imetoka wapi. Ni haki yako zaidi kuliko ya mtu yeyote wa Geneva.

Maji: «mita 30» maana yake matone ya mvua na kunawa mikono, siyo kuogelea ziwani. Anayeoga nayo atafute mita 100.

Na ukubwa, msiusahau. Sisi mara ya kwanza tulinunua saa pana kama kifuniko cha chupa ya jamu, pembe zake zilitoka nje ya mkono wa Mama. Pembe za juu na za chini lazima zilale ndani ya upana wa mkono. Mkono mwembamba unapendeza na milimita 22 mpaka 28. Lakini mama aliyepita miaka 60 anataka pia namba anazoweza kusoma bila miwani, na kifungo ambacho vidole vyake vitakiweza.

Tumerudi kwenye likilimba, na safari hii yaya ndiye anashika daftari. Ni Longines ndogo ya inoksi, ya kwatzi, namba za Kirumi nyeusi kwenye uso mweupe, na binamu yetu wa Brussels ataingia dukani mwenyewe. Alitaka kipimo cha mkono. Tukampima Mama kwa uzi Jumapili mchana, akiwa amelala na ile saa yake iliyosimama: sentimita 16. Akashtuka, akauliza munanifanya nini. Mdogo wetu akamjibu kwamba tunafukuza imbu.