Juu ya Kumlea Kijana wa Njiani hata Ajitegemee

Kila padri au mkatekista aliyefanya utume katika Kenya, Katuba au Ruashi awajua vijana walalao sokoni, wale ambao watu wa Lubumbashi huwaita shege. Juu ya kuwapokea wadogo husemwa mengi. Sisi twataka kusema juu ya wale wenye miaka 15, 16 na 17, maana hao karibu watatoka katika ulinzi wa sheria, na mara nyingi hakuna mtu aliyewatayarisha kwa siku ile.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 yamhesabu kuwa mtoto kila mtu asiyetimiza miaka 18. Mtoto aliye katika shida aweza kuwekwa katika jamaa nyingine au katika nyumba ya malezi, na jambo hilo hupelekwa kwa mwamuzi wa watoto. Lakini akitimiza 18, mbele ya serikali amekuwa mtu mzima. Mwana wa jamaa hafukuzwi siku ile: hubaki kwa baba yake, hutafutiwa kazi, na kwa mambo ya mahari wajomba hukutana. Huyu wetu akutane na nani?

Wasalesiani, waliofika mjini kwetu mwaka 1911, wamelifanyia kazi swali hili kwa muda mrefu. Wamefungua Bakanja-Ville kwa kuwapokea watoto watokao njiani, Bakanja-Centre kwa masomo, na Maison Magone kwa vijana wajifunzao kazi ya mikono. Jina la Magone lafaa sana: Michele Magone alikuwa mkubwa wa kundi la watoto waliozungukazunguka kwenye stesheni ya Carmagnola, huko Italia, Don Bosco alipokutana naye mwaka 1857. Tena Don Bosco hakuwapa vijana kitanda na chakula tu. Mwaka 1852 aliandika mapatano na fundi wa mbao: fundi amfundishe kijana ufundi, asimtume kazi nyingine, amwonye kwa maneno bila kumpiga, amlipe. Fundi na kijana walitia sahihi, na Don Bosco pia.

Miaka zaidi ya mia ilipita, na mwaka 1975, katika Kent, nchi ya Uingereza, Nancy Hazel alianza kuwaweka vijana wagumu katika jamaa za kawaida badala ya nyumba kubwa za malezi. Jamaa hizo zililipwa, zilikutana pamoja kusaidiana, na mapatano yaliandikwa, kijana mwenyewe akiwamo. Malezi ya namna hii yataka kuponya, si kulisha tu. Mzazi hufundishwa kwanza, naye haachwi peke yake: yuko mtu anayemtembelea kila juma, na anayeweza kuitwa hata usiku.

Pengine mtu atauliza: kuponya ugonjwa gani? Tujibu kwa mfano. Kijana aliyefukuzwa kwao kwa kusingiziwa uchawi amejifunza kwamba walio karibu ndio wanaoumiza. Ukimpokea, huficha bukari chini ya kitanda, ingawa sufuria imejaa. Usiku hatembei kwa sababu ya uchawi, bali kwa sababu njiani alilala kwa jicho moja. Na mara nyingi huiba siku ile ile alipoanza kukupenda, apate kujua kama utamfukuza. Jamaa isiyoelezwa hayo itasema, “Walituambia kweli, ni mulozi,” na itampeleka kwa mtu wa kuombea. Kwa hiyo mkatekista aulize mapema, bila kuona haya, kama mama wa nyumba aogopa. Awakumbushe pia kwamba sheria ile ya 2009 humpa amsingiziaye mtoto uchawi kifungo cha mwaka 1 mpaka 3. Lakini hofu haitoki kwa sheria peke yake; hutoka polepole, kwa kutembelewa.

Hatari ya pili ni ya wale wasioogopa hata kidogo. Wanafurahi kupata mikono ya kuchota maji na kuuza makala. Msichana hasa huamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na jirani huambiwa kwamba “tunamlea.” Na sisi katika nyumba zetu za mapadri, je, wale vijana waoshao motokari yetu tumewafundisha nini? Mtume Paulo awaandikia Wagalatia kwamba mrithi, akiwa bado mdogo, hana tofauti na mtumwa, bali yuko chini ya walinzi hata siku iliyowekwa na baba. Mlinzi mbaya husahau kwamba anamlinda mrithi.

Siku hiyo hutayarishwa kwa mambo madogo. Kijana apewe pesa ya soko, akosee hesabu, apewe tena juma lifuatalo. Ashike ufunguo wa nyumba. Kama hana cheti cha kuzaliwa, jambo lake lipelekwe tribinali mapema, maana bila karatasi mtu mzima hufungiwa milango mingi. Na aanze kuweka akiba kwa garanti ya nyumba, kwa sababu mwenye lupango huomba pesa ya miezi kadhaa kabla ya kufungua chumba.

Twaandika hayo kwa kuwa sisi wenyewe tulikosa. Katika parokia moja tulimsaidia kijana kujifunza kuunga vyuma. Alipotimiza 18 tulimbariki, tukampa mashine na vyombo, tukapiga picha. Baada ya miezi miwili alikuwa ameuza vyote. Tulimkasirikia, mpaka mzee mmoja wa kanisa alipotuuliza: “Padri, Dominika alikuwa anakula kwa nani?” Hatukujua. Alikuwa ameugua malaria peke yake chumbani, mashine ikawa dawa, na vyombo vikawa kodi.

Mzee huyo alimtafuta, akamwonyesha mkewe, akasema kwamba Dominika sahani yake itakuwa mezani. Kwa Dominika tatu hakuja. Ya nne alifika jioni, chakula kimepoa, na mama akakipasha moto bila kumwuliza neno.