Kuandika Habari za Maisha ya Mtu

Juma lililopita tulijifunza kuandika barua. Leo tutaandika jambo refu kidogo, yaani habari za maisha ya mtu. Ukiandika maisha ya mwingine, huo ni wasifu. Ukiandika ya kwako mwenyewe, ni tawasifu.

Huenda mmoja wenu huko Kishapu au Nzera anasema, "Mwalimu, hayo ni ya wakubwa." Sivyo. Siti binti Saad wa Unguja alizaliwa katika nyumba ya wafinyanzi, akawa anachukua vyungu kwenda kuviuza mjini. Hakupata kusoma shuleni. Baadaye alikuwa mwimbaji mwenye sifa, na mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Bwana Shaaban Robert aliwahi kumwuliza habari zake kabla hajafariki mwaka 1950, akaziandika kitabu. Kama angalichelewa, mengi yangalizikwa pamoja na yule mama.

Mimi nilichelewa. Babu yangu alichimba dhahabu katika mgodi wa zamani wa Geita, ule uliofungwa mwaka 1966. Kuandika nilikuwa najua, kalamu ninayo, na babu yupo. Nikasema, nitamwuliza baada ya mavuno. Mavuno hakuyaona. Hata leo sijui alikwenda Geita kwa miguu au kwa lori, wala alilipwa nini, wala jina la yule rafiki yake wa mgodini aliyekuwa kila akimkumbuka hucheka.

Sasa sikilizeni namna ya kufanya. Shida ya kwanza ni miaka. Mwulize bibi yako alizaliwa lini, atakujibu, "Mjukuu wangu, sisi hatukuandikiwa." Usibuni mwaka. Uliza mambo yaliyotokea karibu. Almasi ya Mwadui ilipogunduliwa mwaka 1940, yeye alikuwa amekwisha kuzaliwa? Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, alikuwa msichana, au alikuwa na mtoto mgongoni? Watu wa Shinyanga walipohamishiwa vijijini mwaka 1974, nyumba aliyoiacha ilikuwa wapi? Meli ya Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, alikuwa na wajukuu wangapi?

Tuseme bibi anajibu, "Siku ya Uhuru mwanangu wa kwanza alikuwa anaanza kutambaa." Basi mtoto huyo alizaliwa mwaka 1961, na bibi aliolewa kabla ya hapo. Andika hivi: "Aliolewa yapata mwaka 1960." Neno "yapata" ni dogo, lakini linakuepusha na uongo.

Majina nayo yana habari. Kwa Wasukuma, Mabula mara nyingi ni mtoto wa siku za mvua, na Shija ni yule anayezaliwa baada ya pacha, Kulwa na Doto. Ukimkuta Shija, uliza habari za wakubwa zake, lakini uliza kwa upole, maana pengine walikufa wangali wachanga.

(Hapa mwalimu wa darasa asimame kidogo, wanafunzi waandike majina yao na maana zake.)

Mzee akisema, andika maneno yake kama alivyoyasema. Akitumia neno la Kisukuma lisilo na mwenziwe katika Kiswahili, liache lilivyo. Akisema, "Hili lisiandikwe," liache pia. Ukimaliza, msomee yote. Atakusahihisha, na mara nyingi hapo ndipo anapokumbuka jambo kubwa kuliko yote aliyokwisha kusema.

Kazi ya juma hili: kila mmoja amwendee mzee mmoja wa nyumbani kwao, aandike mistari kumi. Msitumie kalamu ya risasi, kwa kuwa hufutika; tumieni wino. Juma lijalo, saa ile ile, mje na madaftari yenu. Tutajifunza kuandika tawasifu.