Je, Binti Zetu Wasome Hadithi za Mapenzi?

Msomaji mpendwa, wewe uliye mzazi, nataka kukuuliza neno. Ukimkuta binti yako jioni ameinamia kitabu, moshi unamwingia machoni na mboga inaungua jikoni, nawe ukitazama jalada ukaona picha ya mwanamke na jina la mapenzi mapenzi, utafanya nini? Mimi nitakuambia nilivyofanya, na aibu niliyoipata.

Mimi ni karani wa parokia huku kwetu, kati ya Masasi na Newala. Nilisoma chuo cha ualimu, nikashika chaki miaka michache, na sasa kazi yangu ni madaftari ya ubatizo na ndoa, barua za Padre, na hesabu za zaka. Tena mimi ni mjomba. Kwetu Wamakonde mjomba si mtu mdogo, maana ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mtoto wa dada yako ni wako kumlea na kumwonya. Basi siku moja ya likizo nilipanda kwenda kwa dada yangu, karibu na Newala, nikamkuta mpwa wangu katika hali hiyo niliyokwisha kuieleza. Mboga ilikuwa imekwisha kuwa mkaa.

Nikamnyang'anya kitabu. Nikamwambia, "Tulikupeleka shule usome vitabu, hatukukupeleka usome mapenzi." Akapiga magoti kidogo kama ilivyo adabu, akasema, "Mjomba, na hicho nacho ni kitabu." Sikumjibu. Nikakitia mkobani, na niliporudi parokiani nikakifungia katika kabati la ofisi, chini ya daftari la ndoa, nikaona nimetimiza wajibu.

Yafaa niseme kweli. Wiki ile mvua ilinyesha usiku kucha, nami nilikuwa nasubiri cheti fulani kikauke wino. Nikafungua kabati, nikasema nitazame ukurasa mmoja tu, nipate kumwonya mtoto kwa ushahidi. Alfajiri kengele ya Misa ilinikuta bado ninasoma.

Kitabu chenyewe ni Nyota ya Rehema, alichokitunga Mohamed Suleiman Mohamed wa Unguja, kikatoka mwaka 1976. Habari zake nitakupa kwa ufupi, nisikuharibie utamu. Rehema ni mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya mwenye mali, walakini baba hampendi, kwa kuwa ngozi yake ni nyeusi kuliko alivyotaka. Basi mtoto anakimbia. Anakua kwa watu wa mjini, anateseka, anadanganywa, na mwisho anampata mkulima mmoja aitwaye Sulubu, ambaye hana kitu ila nguvu za mikono yake. Wanapendana. Na wakipendana, hawakai kitako kuambiana maneno matamu. Wanachukua majembe wanakwenda kuligeuza pori liwe shamba. Ndipo wenye fedha wanakuja kulidai.

Mimi nilizoea zile hadithi nyingine, na wewe wazijua, ambamo msichana hulia kurasa mia mpaka aje bwana mwenye gari kumfuta machozi. Huyu Rehema hulia pia, lakini akiisha kulia hunyanyuka. Nilijikuta nikimsemesha peke yangu ofisini, "Usikubali, mama, usikubali," hata mlinzi akaja dirishani kuuliza kama nina mgeni.

Nilipomrudishia mpwa wangu kitabu chake nilikaza uso. Akakipokea kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mjomba, ulifika wapi?" Nikatafuta jibu la mtu mzima, nisilipate.

Tangu hapo tumekuwa wasomaji wawili, kila mmoja akimwazima mwenzake. Tumesoma Utengano wa Said Ahmed Mohamed, uliochapwa mwaka 1980, wenye binti Maimuna aliyefungiwa ndani na baba yake mpaka siku aliyotoka akaangukia pabaya, na njia ndefu aliyopita mpaka akainuka. Tumesoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, ambayo vijana wa kidato cha tano na cha sita wameisoma sana shuleni. Humo binti Yasmin, wa ukoo wa Kihindi pale Unguja zamani za Waingereza, anaozwa kwa mwenye duka aliye umri wa baba yake. Anamwacha, jamaa zake wanamkana, naye anampenda Denge, kijana anayetafutwa na polisi kwa siasa ya kudai uhuru. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitengeneza iwe filamu. Sisemi kwamba kila afanyalo Yasmin ni la kuigwa. Mengine nilipoyasoma nilikohoa. Walakini mpwa wangu alinishinda kwa swali moja: "Mjomba, wewe ungemwoza kwa yule mzee?" Nikasema la. "Basi," akasema, na tukaendelea kula mihogo.

Ama Rosa Mistika, nakusihi wewe baba ukisome kabla ya binti yako. Kiliandikwa na Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, kikatoka mwaka 1971, na kuna wakati kilipigwa marufuku shuleni. Rosa ana baba mlevi, Zakaria, anayempiga kwa ajili ya barua ya kijana mmoja, amlinde kwa fimbo asiongee na mvulana yeyote. Na mtoto akiisha kutoka mbali na fimbo ile hajui hata kukataa. Sikukipenda mwisho wake, ni wa kuhuzunisha mno. Lakini usiku ule niliposoma habari za fimbo ya Zakaria nilikumbuka mkono wangu ulivyonyang'anya kitabu.

Sasa nije kwa dada yangu, maana ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu.

Dada hakusoma. Darasa la pili aliachishwa, akachote maji bondeni. Na mtu wa Newala ajua maana ya kuchota maji bondeni, ukishuka na ndoo tupu na kupanda nayo imejaa. Hivyo vitabu vyetu vilikuwa vikimpita mlangoni. Ndipo mpwa wangu alipopata akili. Akakaa nyuma ya nyumba na simu yake, akasoma Nyota ya Rehema kwa sauti, sura baada ya sura, akaitia katika kadi ndogo, na kadi ile akaichomeka katika redio ya mama yake, ile ndogo inayokula umeme wa jua. Si kitu cha kuuzwa, ni binti anamsomea mama yake. Utasikia humo jogoo anawika. Mahali fulani mtoto wa jirani analia, na msomaji anasema, "Ngojeni kidogo," kisha kimya, kisha anaendelea pale pale palipo pagumu.

Dada akawa anaisikiliza akibangua korosho. Wanawake wa jirani nao wakaja na korosho zao. Siku moja nilifika nikawakuta saba, mikono inafanya kazi na hakuna asemaye, isipokuwa mmoja aliyekuwa akimtukana baba yake Rehema kwa Kimakonde, kwa maneno ambayo karani wa parokia hawezi kuyaandika.

Dada aliniambia kwamba raha hii si ngeni kwake. Alipokuwa msichana, mwaka 1993, Radio Tanzania ilianza mchezo ulioitwa Twende na Wakati. Watu wa umri wake hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, wala mkewe Tunu, ambaye mwisho alichoka, akamwacha, akaanza biashara yake ndogo kuwalisha watoto. Kijiji kizima walikuwa na redio moja, na mchezo ukiisha wanaume walirudi nyumbani kimya kimya. Tena, kama wataka kurudi nyuma zaidi, Mjerumani Karl Weule alikuja huku Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na mashine ya kunasa sauti katika nta, akanasa nyimbo za watu wetu. Kwa hiyo mwanamke wa Newala kusikiliza sauti ndani ya chombo si mambo ya juzi.

Sisifu kila kinachosikilizwa. Pale stendi ya Masasi wapo vijana wenye vibanda, ukilipa kidogo watakujazia kadi yako simulizi mpaka ifurike. Nimejaribu kusikiliza kadhaa. Nyingine ni nzuri. Nyingi ni uchafu, tena uchafu usio na akili, mwanamke ndani yake ni kama kiti, huhamishwa tu kutoka chumba hiki hata kile. Mzazi asikilize kwanza. Simu ina masikio mawili, ampe mtoto moja achukue moja.

Shemeji yangu, mume wa dada, alifariki kabla ya msimu wa korosho. Aliacha mikorosho sitini. Basi baada ya arobaini wakaja wapwa zake, watoto wa dada yake, kuidai, kwa kuwa mila yetu ya zamani husema mali ya mwanamume huenda kwa wana wa dada zake. Kikao kikaitwa chini ya mwembe. Mimi nikaenda kwa upande wa dada, na sikufichi, nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumtuliza: mila ni mila, avumilie, nasi ndugu zake tutamsaidia.

Sikupata nafasi ya kuyasema. Dada alisimama, yeye ambaye katika vikao huketi nyuma akachezea kamba ya mkeka. Akauliza, "Pori hili nani alilifyeka? Nilikuwa na mimba ya huyu," akamwonyesha mpwa wangu, "na kisiki cha pale pembeni nilikichimba mimi. Ubwiriunga ulipoingia, nani alibeba mashine ya salfa mgongoni? Chini ya mikorosho nani huokota? Marehemu alinipenda, na alinipenda shambani humu. Mnataka kuchukua nini?"

Mzee mmoja akacheka, akasema, "Maneno hayo umeyatoa redioni."

Dada akajibu, "Ndiyo, baba, maneno nimeyatoa redioni. Shamba nimelitoa porini."

Hapakuwa na mtu wa kucheka tena. Mimi nilikuwa nikiwaza habari za Ruthu na mkwewe Naomi, wajane wawili, na shamba lililopelekwa mbele ya wazee langoni pa mji. Na jinsi tunavyoisoma kanisani hadithi ile ya mapenzi bila mtu kuificha kabatini.

Shauri likapelekwa kwa Baraza la Ardhi la Kijiji. Hapo nikafaa kidogo, kwa kuwa nilisoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, nikawasomea pale inaposema kwamba haki ya mwanamke kupata ardhi, kuishika na kuitumia ni sawa na ya mwanamume. Baraza lenyewe kwa sheria hiyo huwa na watu saba, na watatu wawe wanawake. Mmoja wa wale watatu nilimtambua: ndiye yule aliyekuwa akimtukana baba yake Rehema. Baraza likasuluhisha hivi: mikorosho arobaini na miwili ikae kwa dada na wanawe, kumi na minane waende nayo wapwa. Dada hakuridhika, nao wapwa hawakuridhika. Jina katika daftari la chama cha msingi limebadilishwa, na fedha za mnada uliofuata ziliingia kwake mwenyewe. Mpwa wangu amerudi shule. Sasa dada anasomewa Utengano, na amekwisha kugombana na Maimuna mara mbili.

Limebaki jambo moja, nalo ni langu. Usiku wa siku ile ya kikao mpwa wangu alinisindikiza njiani, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, na ile mikorosho yako ya kule bondeni uliipataje?"

Alijua. Wote wajua. Miaka sita iliyopita nilirithi mikorosho ishirini na mitano kwa mjomba wangu, kwa mila ile ile, na mjane wake alirudi kwao upande wa Kitangali na sufuria mbili na mkeka. Hakuna aliyempeleka barazani, wala hakuwa na redio. Nimekwisha kuuliza anapokaa. Korosho huanza kuanguka Oktoba, na basi la kwenda huko hupita hapa parokiani saa moja asubuhi.