Magufuli: Kwa nini vyombo vya nje vilimsifu 2015, vikambadilikia 2020?

Novemba 2015, wiki chache tu baada ya John Magufuli kuapishwa kuwa Rais wa Tanzania, Twitter ilijaa hashtag moja: #WhatWouldMagufuliDo. Watu wa nchi mbalimbali za Afrika walikuwa wakiposti utani wa kubana matumizi, na vyombo kama BBC na CNN vikairipoti.

Miaka mitano baadaye, vyombo hivyohivyo vilikuwa vinamtaja kama rais anayepuuza corona. Kilibadilika nini?

Jina lilelile, maana mbili

Jina la 'Tingatinga' alilipata akiwa Waziri wa Ujenzi, kwa jinsi alivyosukuma barabara zijengwe. Vyombo vya nje vikaliandika 'The Bulldozer'.

2015 lilikuwa sifa. Alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, akafanya usafi mwenyewe karibu na soko la samaki la Feri. Safari za nje za maofisa zikabanwa.

Kisha zikaja habari nyingine: mikutano ya hadhara ya vyama kuzuiwa 2016, magazeti kufungiwa, na kauli ya Juni 2017 kwamba wasichana waliojifungua wasirudi shule za serikali. Sasa 'Bulldozer' likawa na maana ya mtu anayeponda wanaompinga.

Mei 2020 akasema sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na corona. Takwimu za Tanzania zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Kwa wasomaji wengi wa nje, hiyo ndiyo picha iliyobaki.

Kwa nini habari zinafanana?

Kwanza, mashirika kama Reuters, AFP na AP huuza habari kwa vyombo vingi. Mwandishi mmoja akiandika sentensi moja, unaweza kuikuta kwenye tovuti kibao siku hiyohiyo.

Pili, kila habari ina mstari wa utambulisho: "rais aliyepewa jina la…" Mstari huo hunakiliwa mwaka baada ya mwaka.

Tatu, ni nani anasoma. Corona ilimgusa msomaji wa London na New York. Reli ya SGR au bwawa la umeme la Rufiji havimgusi.

Ndiyo maana Machi 2021, kifo chake kilipotangazwa, taarifa nyingi za nje zilianza na corona. Dar es Salaam, maelfu walijaa barabarani wakilia, wengine wakitandika kanga na nguo njiani msafara upite.

Kwa hiyo tuamini nani?

Kusema "hao ni mabeberu tu" ni rahisi, lakini takwimu zilisimama kweli na magazeti yalifungiwa kweli. Kuamini kila kitu nako ni tatizo, maana wale waliolia barabarani nao hawakuigizwa.

Ukikutana na habari ya kiongozi wako kwenye chombo cha nje, cheki vitu vitatu: iliandikwa lini, mwandishi alikuwa wapi, na ni wananchi wangapi wa kawaida wamenukuliwa. Ukikuta hakuna hata mmoja, tafuta habari ya pili kabla hujaishea kwenye grupu.