Stima Imepotea Kwako Peke Yako? Soma Hii Kabla Hujamtumia Fundi Pesa

Saa moja na nusu usiku, sufuria iko mekoni, taa zinazima ghafla. Kitu cha kwanza ni kuchungulia dirishani. Kama mtaa mzima ni giza, hakuna haja ya fundi. Hiyo ni shida ya Kenya Power, na unaweza kuripoti kwa *977# au upige 97771. Lakini kama jirani bado anatazama taarifa ya habari, basi shida iko kwako, na hapo ndipo pesa huanza kutoka mfukoni ovyo.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Unapigia fundi wa kwanza unayepewa namba yake, anakuambia, "Nitumie elfu moja ya vifaa nikuje." Unatuma. Jioni hiyo simu yake imezimwa. Au anakuja kweli, anashikashika waya dakika tano, stima inarudi, na wiki inayofuata uko pale pale. Yote mawili yanaweza kuepukwa ukijua lipi unaweza kulimaliza mwenyewe, lipi ni la fundi, na pesa itoke saa ngapi.

Anza na yale ya bure

Tokeni kwanza. Usicheke, kuna watu wamelipa fundi nauli ya kuja kuwaambia tokeni imeisha. Angalia kile kidude cha kubonyezea namba kilicho ndani ya nyumba. Ikiwa ni tokeni, Paybill ni 888880 na akaunti ni namba ya mita yako. Utatumiwa tarakimu 20 za kubonyeza. Weka namba ya mita kwenye simu mahali utakapoipata hata gizani, kwa sababu ukikosea tarakimu moja unaweza kumnunulia mtu usiyemjua stima.

Kama tokeni ipo, angalia breka, zile swichi ndogo kwenye kisanduku cha ukutani, mara nyingi karibu na mlango. Ukikuta moja imeanguka chini, usiirudishe tu. Chomoa kila kitu kwanza: friji, TV, pasi, birika, chaja. Rudisha breka, kisha chomeka kimoja kimoja. Kile kitakachoiangusha tena ndicho kibovu, na mara nyingi ni birika au pasi iliyozeeka. Hapo huhitaji fundi wa nyumba, unahitaji birika lingine.

Lakini kama breka inaanguka na hakuna kitu kimechomekwa, shida iko kwenye waya za ukutani. Acha hapo, ita fundi. Na akitokea mtu wa kukuambia, "Hii breka ni ndogo, tuweke kubwa isisumbue," mwambie hapana. Breka hujizima ili waya isiungue. Ukiweka kubwa kuliko waya inavyoweza kubeba, waya ndiyo itapata moto, tena ndani ya ukuta ambapo huioni.

Pia kuna mambo ya extension. Soketi zetu ni za ampea 13 kwa volti 240, yaani karibu wati 3,000. Birika peke yake linaweza kula wati 2,000. Ukiongeza pasi kwenye extension hiyo hiyo, umepita. Na ile tabia ya kusukuma biro kwenye tundu la juu ili chaja ya miguu miwili iingie, tuiache. Tundu hilo ndilo linalofungua mengine mawili, na limewekewa kifuniko ili vidole vya mtoto visifike kwenye stima. Adapta ni bei ndogo tu, nunua.

Shower isikuzoeshe kuoga na slippers

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hili limezoeleka mno. Unashika bomba la maji, unasikia kamtetemo. Caretaker anakuambia, "Hiyo ni kawaida, vaa slippers." Si kawaida hata kidogo. Maana yake ni kwamba kuna stima inavuja, na njia ya kuipeleka ardhini, ile mafundi wanaita earth, haifanyi kazi au haikuwekwa kabisa. Slippers za mpira zikilowa maji na sabuni si kinga ya kutegemea. Zima swichi ya shower, na usioge nayo hadi fundi aipime.

Instant shower hula wati 5,000 hivi au zaidi, yaani ampea zaidi ya 20. Kwa hiyo inataka waya wake yenyewe kutoka kwa kisanduku, breka yake yenyewe, na earth inayofanya kazi. Waya wa soketi za kawaida ni milimita 2.5, wa taa 1.5. Kwa shower, ule wa 6 ndio wa kulalia usingizi. Fundi akitaka kuiunganisha kwa waya wa soketi iliyo karibu kwa sababu "ni haraka", huyo si wako.

Kama maji ni baridi tu na hakuna mtetemo, huenda presha ni ndogo na shower haijiwashi, au koili imeliwa na chumvi. Kama ploti yenu hutumia maji ya borehole yenye chumvi, uliza dukani shower za maji ya chumvi.

Fundi apatikane wapi

Caretaker huwa na namba, na grupu ya WhatsApp ya ploti pia. Ni mwanzo mzuri, lakini usiulize tu "nani anajua fundi wa stima?" Uliza nani ametengenezewa nini, lini, na kama bado inafanya kazi. Mwenye hardware ya mtaani naye anawajua: huona nani hununua waya mzuri na nani huulizia wa bei ya chini kila siku.

Kwa kazi kubwa, kama kuvuta waya upya au kubadilisha kisanduku, tafuta mwenye leseni ya EPRA. Leseni hizo zina madaraja, kwa hiyo muulize yake inamruhusu kazi gani. Kuna pia mafundi wenye cheti cha trade test cha NITA. Kumuuliza mtu, "Fundi, samahani, leseni unayo?" si dharau, na aliye nayo huitoa bila kununa.

Mita yenyewe asiiguse. Mita na waya unaotoka kwa mlingoti ni vya Kenya Power, na atakayekata sili "akusaidie" anakuachia kesi. Hata mtu akija na kitambulisho cha kampuni, malipo ya kampuni hayaendi kwa namba yake binafsi.

Pesa itoke saa ngapi

Tenganisha vifaa na kazi. Badala ya kutuma pesa ya vifaa, mwambie akuandikie orodha, nenda hardware mwenyewe au mwende pamoja, na ulipe kwa Till ya duka. Angalia alama ya KEBS kwenye waya na breka. Unaweza kuikagua kwa kutuma SM# na namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo kwenda 20023.

Pesa ya kuja kuangalia mkubaliane kabla hajatoka kwake, na ya kazi kabla hajashika waya. Mkubaliane pia ni nani analipa ya kutoa, maana hapo ndipo watu wazima hugombana kwa shilingi thelathini. Kabla ya kulipa, washa kila kitu kwa pamoja kama unavyokitumia asubuhi, ungoje robo saa. Kisha soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Likiwa la mtu mwingine, uliza. Na kazi ikiwa safi, tuma hapo hapo. Fundi mzuri anayezungushwa wiki mbili hatapokea simu yako siku soketi itakapotoa moshi.

Kama umepanga, waya za ukutani ni za mwenye nyumba, kwa hiyo usilipe halafu ndipo uulize. Andika kwanza: "Habari ya jioni. Soketi ya jikoni, nyumba B4, inanuka kuungua, nimeizima. Fundi anasema ni elfu mbili. Utamtuma wako, ama nilipe nikate kwa rent?" Ngoja ajibu kwa maandishi, lipa, kisha mtumie ujumbe wa malipo hapo chini ya jibu lake. Usiufute hadi rent ya mwezi huo ipokelewe.