Betri ya Kompyuta Mpakato Inayotumia Linux Kuisha Haraka: Pima Kwanza Kabla ya Kununua Nyingine

Msimu wa masoko ya tumbaku unapofika katika wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge mkoani Tabora, karani wa chama cha msingi cha ushirika hukaa kando ya mizani akiandika uzito na daraja la kila robota. Kompyuta yake ikizima ghafla ilhali betri inasomeka kuwa na asilimia 20, kinachopotea si muda peke yake. Ni kumbukumbu ambazo malipo ya mkulima hutegemea. Hali kama hiyo humkuta pia mwalimu anayeandaa mitihani, mtendaji wa kata anayekamilisha taarifa, na afisa ugani aliye safarini kutoka kijiji kimoja kwenda kingine.

Tangu kampuni ya Microsoft isitishe huduma ya kawaida ya maboresho ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba, 2025, mojawapo ya njia za kuendelea kutumia kompyuta zisizoweza kupokea Windows 11 ni kuziwekea mfumo endeshi wa Linux, ambao hupatikana bila malipo. Mfumo huo, ambao kiini chake kilianza kuandikwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, si mgeni hapa nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Hata hivyo, mara baada ya kuhamia Linux, watumiaji wengi hulalamika kuwa betri iliyokuwa ikidumu sasa inaisha upesi.

Malalamiko hayo wakati mwingine ni ya haki, na wakati mwingine mfumo husingiziwa kosa lisilo lake. Kompyuta inaweza kukosa nguvu kwa sababu umeme hauifikii ipasavyo, au kwa sababu betri imechakaa, au kwa sababu mfumo unatumia nguvu nyingi kuliko inavyohitajika. Betri mpya hutibu moja tu kati ya hayo matatu. Kwa mkazi wa Tabora, mji ulio zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Dar es Salaam, kuagiza betri isiyohitajika ni hasara ya fedha na ya siku za kusubiri.

Hatua ya kwanza ni kuangalia chaja. Chaja nyingi za kompyuta mpakato hupokea umeme wa volti 100 hadi 240, hivyo umeme wa kawaida wa volti 230 hauna shida nazo. Kinachopaswa kusomwa kwenye lebo ni nguvu inayotoka. Chaja yenye volti 19.5 na ampia 3.34 hutoa wati 65. Kompyuta inayohitaji wati 65 ikipewa chaja ya wati 45, inaweza kuchaji polepole mno au isichaji kabisa wakati inafanya kazi. Vilevile, mahali panapotumika umeme wa jua, inveta za bei nafuu zisizotoa wimbi safi la umeme zinaweza kuifanya chaja ipate joto na kuvuma. Chaja ya namna hiyo ijaribiwe kwenye soketi nyingine kabla ya kulaumu kompyuta. Ili kujua kama Linux inaitambua chaja, amri ifuatayo huandikwa kwenye terminali:

cat /sys/class/power_supply/A*/online

Jibu la 1 humaanisha chaja inatambuliwa. 0 humaanisha haitambuliwi, na hapo tatizo litafutwe kwenye waya, kichwa cha chaja au tundu lake.

Baada ya hapo inapimwa betri yenyewe, na hapa ndipo wengi huruka. Asilimia inayooneshwa kwenye kona ya skrini haielezi uzima wa betri. Asilimia 100 ya betri iliyochakaa ni sawa na ndoo iliyojaa mchanga hadi nusu: imejaa, lakini maji yaliyomo ni machache. Kipimo cha kweli hupatikana kwa amri hii:

upower -i $(upower -e | grep BAT)

Katika majibu yatakayotokea, mstari wa energy-full-design huonesha kiasi cha nishati ambacho betri ilitengenezwa kukihifadhi, na mstari wa energy-full huonesha kiasi inachoweza kukihifadhi sasa. Tuseme betri iliyotengenezwa kwa wati-saa 48 sasa inahifadhi wati-saa 28. Imebakiwa na asilimia 58 ya uwezo wake. Imezeeka, lakini bado inafaa kwa kazi. Sehemu ya pili ya hesabu iko kwenye mstari wa energy-rate, unaoonesha wati zinazotumika muda huo chaja ikiwa imechomolewa. Kompyuta inayotumia wati 14 itaimaliza betri hiyo kwa saa mbili. Matumizi yakishushwa hadi wati 7, betri ileile itadumu saa nne. Kwa lugha nyingine, mtumiaji huyo anaweza kupata saa mbili za ziada bila kutoa shilingi.

Iwapo kipimo kinaonesha uwezo umeshuka chini ya theluthi moja, au asilimia zinaruka kutoka 30 hadi sifuri kwa mara moja, hakuna mpangilio wa programu utakaorudisha seli zilizokufa. Hapo betri mpya inahitajika.

Ipo dosari moja ya kuonekana tu inayowapoteza hata mafundi. Betri hufika asilimia 80 na kukoma, ingawa chaja imechomekwa na taa inawaka. Kompyuta nyingi zilizowahi kutumika ofisini huwa zimewekewa kikomo cha kuchaji ili kutunza betri, na kikomo hicho kinaweza kubaki kwenye mipangilio ya msingi ya mashine hata baada ya kuwekewa mfumo mpya. Betri ya namna hiyo ni nzima, na inafanya kile ilichoagizwa na mmiliki wa awali.

Ikibainika kuwa betri ina afya ya kuridhisha lakini haidumu, uchunguzi uhamie kwenye matumizi. Mwanga wa skrini ni wa kwanza kutazamwa, ukifuatiwa na kurasa nyingi za intaneti zilizofunguliwa kwa pamoja. Kwa kompyuta zenye kadi ya pili ya grafiki ya NVIDIA, kadi hiyo inaweza kuwa inafanya kazi muda wote bila sababu. Kwenye Ubuntu, pale programu ya kadi hiyo ilipowekwa, amri ya sudo prime-select on-demand huiacha ipumzike hadi itakapohitajika. Programu ya powertop, ikiendeshwa wakati chaja imechomolewa, huonesha ni programu na vifaa gani vinavyoiamsha prosesa mara kwa mara. Isitumike kubadili kila kitu kwa pamoja, kwa kuwa baadhi ya mabadiliko yake hulaza hata kipanya katikati ya kazi.

Programu ya TLP, inayopatikana katika matoleo mengi ya Linux, husimamia mambo mengi ya aina hiyo bila mtumiaji kugusa chochote. Izingatiwe tu kuwa TLP na power-profiles-daemon, ambayo huja tayari na Ubuntu, hufanya kazi ileile. Zikiendeshwa pamoja zitagongana, hivyo ichaguliwe moja.

Suala la kompyuta kulala linahitaji maelezo zaidi, hususan kwa wanaosafiri. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Tabora, wakati huo ikijulikana pia kama Kazeh, ikabadili wapagazi na kupanga mizigo upya, kila mpagazi akibeba wastani wa frasila mbili, yaani takribani kilo 32. Anayepita uelekeo huo leo kwa basi au treni, kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, hubeba kompyuta isiyofika hata kilo tatu, lakini akikuta betri imekwisha Kigoma, mzigo huo haumsaidii. Mara nyingi chanzo ni kwamba aliifunika kompyuta akaiweka ndani ya begi akidhani imelala, kumbe ilisinzia tu.

Linux ina namna mbili kuu za usingizi. Usingizi mwepesi, uitwao s2idle, huacha sehemu nyingi za mashine zikiwa macho. Usingizi mzito, uitwao deep, huzima karibu kila kitu isipokuwa kumbukumbu ya muda. Amri hii huonesha namna inayotumika:

cat /sys/power/mem_sleep

Jibu lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika. Iwapo namna zote mbili zimeorodheshwa na mabano yako kwenye s2idle, mtumiaji anaweza kujaribu usingizi mzito hivi:

echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Badiliko hilo hufutika kompyuta inapowashwa upya, na ndiyo sababu linafaa kwa majaribio. Asilimia ya betri iandikwe usiku, kompyuta ilazwe bila chaja, kisha isomwe tena asubuhi. Kupungua kwa asilimia chache ni jambo la kawaida. Kupungua kwa asilimia 30 si la kawaida. Mashine ikiamka vizuri, neno mem_sleep_default=deep liongezwe kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT katika faili la /etc/default/grub, kisha iendeshwe amri ya sudo update-grub. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hazina usingizi mzito kabisa. Kwa hizo, na kwa safari yoyote ya saa nyingi, njia ya uhakika ni kuzima. Aidha, kompyuta iliyosinzia ndani ya begi huweza kupata joto, na joto ni adui mkubwa wa betri za lithiamu. Mwezi Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, ofisi ya Tabora iliyoezekwa bati bila dari tayari inalo la kutosha.

Kwa karani aliyetajwa mwanzoni, kinga muhimu zaidi ni kuhakikisha kompyuta inajizima kwa utaratibu kabla umeme haujakatika ndani yake. Kwa kawaida Linux husubiri hadi betri ifike asilimia 2 ndipo ichukue hatua. Betri kuukuu huanguka kabla ya kufika hapo. Mipangilio hiyo iko katika faili la /etc/UPower/UPower.conf, na kwa betri iliyochoka inaweza kubadilishwa isomeke hivi:

UsePercentageForPolicy=true
PercentageLow=30
PercentageCritical=25
PercentageAction=20
CriticalPowerAction=PowerOff

Namba hizo tatu lazima zishuke kutoka juu kwenda chini, vinginevyo mfumo huzipuuza na kurudia za awali. Baada ya kuhifadhi faili, amri ya sudo systemctl restart upower huzifanya zianze kutumika. Iwapo betri huanguka ikiwa na asilimia 20, basi kiwango cha hatua kiwe juu zaidi ya hapo. Kujizima hakuhifadhi kazi ambayo haijahifadhiwa. Kwa hiyo katika LibreOffice muda wa kuhifadhi nakala ya dharura upunguzwe hadi dakika mbili au tatu.

Kuhusu kurefusha maisha ya betri, kikomo cha asilimia 80 kinafaa kwa kompyuta inayokaa mezani ikiwa imechomekwa siku nzima. Amri ya sudo tlp-stat -b hueleza kama mashine inakubali kikomo hicho, na kuanzia toleo la 48 la GNOME kinapatikana pia kwenye mipangilio ya kawaida kwa mashine zinazokikubali. Lakini kwa kituo ambako umeme hukatika mara kwa mara, asilimia 20 zinazoachwa zinaweza kuwa ndizo zinazohitajika siku hiyo. Mtumiaji apime mwenyewe. Mwenye TLP anaweza kuweka kikomo, kisha akaagiza kuchaji hadi kujaa kwa amri ya sudo tlp fullcharge usiku wa kuamkia safari.

Watumishi wa umma wanaotumia kompyuta za Serikali wawasiliane na Afisa TEHAMA wa taasisi husika kabla ya kubadili faili lolote kati ya yaliyotajwa. Na betri yoyote iliyovimba, inayosukuma kibodi au kufanya kifuniko kisifunge, isichajiwe tena wala kutobolewa. Kompyuta izimwe, chaja ichomolewe na betri itolewe na fundi. Isitupwe jalalani wala kuchomwa moto pamoja na taka nyingine. Ikabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali, ambaye mwananchi anaweza kuelekezwa na ofisi ya mazingira ya halmashauri yake au na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC.